Dirisha la Moshi

Wageni wakija Hollis Bend siku hizi wananiuliza habari za gitaa la Hosea Gatlin. Nawaambia mimi ni mpishi wa samaki, kawaulizeni wapiga gitaa. Wanacheka, wanadhani najitia hamnazo. Basi leo nasema mara moja, nimalize, na atakayeuliza tena atanunua sahani mbili.

Jina langu ni Vernice. Kambare wa tamasha ni wangu tangu mwaka wa kwanza, mwaka wa sabini na tisa, na hajatokea mtu mwingine wa kugusa karai langu. Kanisani mimi ndiye ninayetoa sauti ya kuanzia wimbo, kwa sababu piano yetu ilishaharibika na Shemasi Purvis kila mwaka anasema fundi yuko njiani. Na Hosea alikuwa mume wangu kwa miaka kumi na tatu, halafu nikachoka. Alikuwa anaaga Ijumaa kwenda kupiga muziki mahali fulani, anarudi Jumatano na njaa na hadithi. Tuliachana bila kurushiana vyombo, ukiacha sufuria moja, na ile sufuria haikumpata.

Tamasha letu ni Ijumaa hadi Jumapili, mwezi wa sita, jua la kukausha ulimi. Jukwaa ni baraza la duka la zamani. Duka lenyewe lilishakufa, likabaki baraza. Jiko langu limebandikwa nyuma ya baraza, kona ya kulia. Lina dirisha kubwa la kuhudumia watu na dirisha dogo la kutolea moshi, linalotazama jukwaani. Kona ya kushoto hakuna kitu, ukuta tu na kivuli cha mti wa pekani.

Sasa huyu Hosea. Akipanda jukwaani, kabla hajaimba hata neno moja, anawageuzia watu mgongo. Anageuka mzima mzima, anazima spika, anainamia gitaa na kuanza kupanga nyuzi. Analegeza huu, anakaza ule, anaugonga polepole kwa kidole gumba, anasikiliza. Nyuzi sita, dakika kama sita hivi. Akija kuwageukia watu kazi imekwisha, na gitaa linatoa sauti ambayo hakuna gitaa jingine Mississippi nzima linaitoa. Ni sauti nzito, ya chini, ya mtu aliyelia jana na leo ameshakula. Wapigaji wetu wa zamani ndivyo walivyokuwa. Mpangilio wa nyuzi ni mali ya mtu, hauonyeshwi, na asiyepewa haombi.

Dubose Yancey hakuomba, alipanda mti. Huyu ni mpiga gitaa wa kaunti ya jirani, mtu mzuri, mdomo tu ndio hauna breki. Mwaka wa tisini na sita alikwea ule mpekani ili apige chabo. Tawi likakatika, akavunjika mfupa wa bega, na kitu pekee alichokiona kabla hajafika chini ni kisogo cha Hosea. Tulimsaidia, baada ya kumaliza kucheka.

Mwaka huo ninaotaka kuusema, Hosea alipata kiharusi mwezi wa pili. Kilikuwa kidogo, alhamdulillahi angesema jirani yangu Bi Safiya, nami nasema Mungu ni mwema. Mdomo ulirudi mahali pake, miguu ikarudi, akili ikarudi na ubishi wake wote. Mkono wa kushoto ndio uliokataa. Vidole vinashika kikombe, lakini kubana uzi haviwezi. Na bila mkono wa kushoto gitaa ni ubao.

Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa sababu kulikuwa na Jalisa. Jalisa ni mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu, ana miaka ishirini na mitatu na anakaa Memphis. Alikuwa amejifunza nyimbo zote za babu yake kwa sikio tu, moja baada ya nyingine, tangu yuko darasa la tano. Vidole anavyo, sauti anayo. Kilichobaki kilikuwa kimoja, naye alikuja Ijumaa asubuhi kukiomba.

Hosea alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha turubai mbele ya jukwaa, fimbo magotini. Shemasi Purvis, ambaye ndiye mwenyekiti wa tamasha na anatembea na karatasi hata akienda chooni, alikuwa amesimama pembeni yake.

"Mzee Gatlin, niandike nani wa kufunga Jumapili?" akauliza Shemasi.

Tamasha letu halifungwi kwa maneno. Jumapili saa kumi na moja jioni Hosea anapiga wimbo wa mwisho, watu wanacheza, vumbi linapanda, tunakwenda nyumbani. Imekuwa hivyo miaka yote.

"Usiandike mtu," akasema Hosea.

"Babu, niandikwe mimi," akasema Jalisa. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, adabu mbele, kama nilivyomfundisha. "Nimezijua zote. Nionyeshe tu unavyopanga nyuzi. Nitawageuzia watu mgongo nikipanga, hata kama ni lazima nimgeuzie mgongo Shemasi."

"Hapana."

"Basi nionyeshe nusu."

"Hakuna nusu, mama. Kaombe samaki kwa bibi yako."

Jalisa alinijia jikoni, akachukua kisu, akaanza kukata kabichi bila kuambiwa. Nikamwona anaikata nyembamba mno, ya hasira. Nje nikasikia Shemasi anasema basi itabidi afunge Dubose, na Hosea akajibu afunge tu, afunge na mlango.

Watu walianza kusema siku hiyo hiyo. Hosea ana mkono wa birika. Hosea anataka kuzikwa na mpangilio wake. Amemnyima hata damu yake. Mimi nilinyamaza, na mtu anayenijua atakuambia hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko kiharusi.

Ijumaa ni siku ya kufika na kupanga viti tu. Jumamosi saa sita mchana muziki ukaanza, na mimi nikaunguza samaki.

Inabidi nieleze, maana ni aibu. Kila siku ya tamasha, miaka arobaini, Hosea ndiye aliyekuwa anafungua. Shemasi akimtaja tu, mimi namtia kambare wa kwanza kwenye mafuta, ameshapakwa unga wa mahindi na pilipili. Hosea anageuka, anaanza kupanga nyuzi. Akifika uzi wa nne nageuza samaki. Akimaliza wa sita naopoa. Sijawahi kuwa na saa jikoni wala sijaihitaji. Makarai yanayofuata mkono unakuwa umeshapata mwendo wake. Sasa Jumamosi hiyo alifungua Dubose, na Dubose hapangi nyuzi, ana kidude cha umeme kinampangia. Akapanda, akabonyeza vijipedali vyake kumi na vitano, akaanza. Nami nikasimama na kijiko mkononi nikingoja kitu ambacho hakikuja. Niliposhtuka karai zima lilikuwa jeusi.

Dubose aliposhuka akaja dirishani anajifuta jasho. Akachungulia.

"Bi Vernice, huyu samaki ni wa kabila gani? Sijawahi kumwona."

"Ni wale wanaoanguka kutoka mitini," nikamwambia. "Unataka wangapi?"

Akacheka mwenyewe, hana kinyongo yule. Akataka wawili weupe. Halafu akashusha sauti. "Lakini nakwambia kweli, sitaki kufunga mimi. Watu watanitazama kama nimevaa suruali ya marehemu. Mzee angempa tu yule binti."

"Kamwambie wewe."

"Mimi? Mimi bega hili mvua ikikaribia linaniuma mpaka leo."

Saa tisa wakampandisha Jalisa, nusu saa, kama wanavyowapa vijana. Alivaa gauni la njano. Gitaa alilipanga kwa mpangilio wa kawaida, simu yake imekaa kwenye kiti, kila uzi ukikaa sawa simu inawaka kijani. Kijani mara sita. Akapiga nyimbo tatu za babu yake bila kukosea hata mahali pamoja, na hazikuwa zenyewe. Zilikuwa uji uliosahauliwa chumvi. Watu wetu si wakorofi, walimpigia makofi, lakini yalikuwa makofi ya mazishi. Hosea kwenye kiti chake alikuwa anatazama viatu vyake. Jalisa alishuka, akapita mbele yake bila kumsalimu, akaenda kukaa kwenye gari.

Hapo ndipo nilipovua aproni. Nikaliepua karai motoni, na nikuambie, hilo silifanyi hovyo. Nikaenda, nikaburuta kiti, nikakaa uso kwa uso na Hosea.

"Umemwona mtoto?"

"Nimemwona."

"Una roho gani wewe?"

"Vernice, usinianze. Nina presha."

"Presha ninayo mimi, wewe una kiburi. Nyuzi sita, Hosea. Ungekuwa umeficha dhahabu ningekuelewa."

Akatazama kama kuna mtu karibu. Watu walikuwa wanacheza, hakuna aliyetujali. Akaniegemea na sauti yake ikawa ndogo, sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.

"Unamkumbuka Mzee Ephraim aliyenifundisha? Alinionyesha Alhamisi. Jumapili tukamzika."

"Namkumbuka. Nilipika mimi."

"Naye alionyeshwa na mjomba wake. Wiki haikuisha, mjomba akafa. Na huyo mjomba alionyeshwa na mtu, yule mtu hakuiona pamba ya mwaka ule ikichumwa. Ndivyo inavyokwenda, Vernice. Ukiutoa, umeaga. Unautoa ukiwa tayari." Akaushika ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. "Mimi siko tayari. Mwezi wa pili nililala sakafuni kwa saa nne, naona dari tu, nikajua siko tayari. Naogopa. Basi, nimesema. Cheka."

Sikucheka. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Mtu mzima wa miaka sabini na sita, ametembea na gitaa miji yote hiyo, kumbe anajificha nyuma ya nyuzi kama mtoto chini ya shuka.

"Mzee Ephraim alikuwa na miaka tisini na moja," nikamwambia. "Alikuwa kitandani tangu Krismasi."

"Lakini alikuwa anakula vizuri."

"Hosea."

"Alikula bakuli zima la maharage Jumatano. Uliona mwenyewe, ulipeleka wewe."

Ungebishana naye vipi? Nikampiga kofi dogo la goti, nikarudi jikoni. Njiani nilikuwa nasema peke yangu, na yaliyokuwa yananitoka si ya kuandikwa. Kumnyima mtoto nilijua ni vibaya. Kumlazimisha mzee anayeogopa kufa, nalo nililiona ni vibaya. Sikuwa na la kufanya, na mimi sipendi kutokuwa na la kufanya.

Jumapili asubuhi tuliabudu pale pale uwanjani, viti vya kukunja na kofia. Nilitoa sauti, watu wakaipokea. Shemasi Purvis haruhusu muziki wa bluzi uanze kabla ya saa sita siku ya Bwana, anasimama na saa mkononi, na ikifika anasema amina na kuvua kofia ya kanisa kwa wakati mmoja.

Jalisa alikuja jikoni saa tano na nusu. Gitaa lilikuwa mgongoni na macho yamevimba. Aliniambia anaondoka baada ya chakula, hangoji jioni.

"Sawa," nikasema. "Ukiondoka ondoka, lakini kwanza nipakie hawa kambare unga. Mikono yangu miwili tu."

Akapaka unga. Alikuwa analia kidogo, chozi likaingia kwenye bakuli, nikamwambia asiongeze chumvi, nilishaweka. Akacheka na kulia pamoja. Nje Shemasi akasema amina. Akamtaja Dubose afungue, makofi yakapigwa, na mimi nikamtia kambare wa kwanza kwenye mafuta.

Sasa nilikuwa nimeshaapa kwamba siunguzi tena. Jana ilitosha. Kwa hiyo, ili nisipoteze hesabu, nikaanza kuipitisha mwenyewe mdomoni, mmm, uzi wa kwanza, ule mnene, unashuka, unashuka, unakaa. Mmm, wa pili, unapanda kidogo na kurudi. Wa tatu. Naimba huku natazama mapovu ya mafuta. Wa nne, unashuka chini kidogo ya pale sikio linapoutaka, unabaki hapo umenuna. Nikageuza samaki, dhahabu safi. Wa tano.

"Bibi."

"Ngoja, nahesabu."

"Bibi, hiyo ni nini?"

"Ni saa yangu. Usinichanganye." Wa tano ukakaa. Wa sita, mwembamba, ukapanda ukafanana na wa tatu, mtu na mdogo wake. Nikaopoa.

Nikageuka. Jalisa alikuwa amesimama na mikono ya unga imekaa hewani, mdomo wazi.

"Babu akipanga nyuzi," akasema polepole, "anatazama wapi?"

Nikaonyesha dirisha la moshi kwa kijiko. Na kijiko kikabaki pale pale, maana ndipo nami nilipolisikia swali.

Miaka arobaini. Watu mia tatu wamegeuziwa mgongo, Dubose kavunjika bega, vijana wamekuja na mashine za kurekodi kutoka miji ya mbali, hakuna aliyeambulia kitu. Na bwana mwenyewe kila mwaka, kila siku, mara tatu kwa siku, amekuja kuniinamia mimi puani, hatua nne kutoka kwenye karai, uzi mmoja mmoja, polepole, kama anamfundisha mtu. Nilidhani najua kukaanga samaki. Kumbe ninachokijua ni gitaa la Hosea.

"Nawa mikono," nikamwambia Jalisa. "Toa gitaa. Na lile dirisha kubwa lifunge, waambie samaki wamekwisha."

"Hawajaisha."

"Wamekwisha kwa nusu saa."

Tulifanya kazi ile tumekaa juu ya magunia ya unga. Mimi natoa sauti, yeye analegeza. Alikuwa ameweka simu yake pembeni, na simu ikawa nyekundu, nyekundu, nyekundu, inawaka kama imekasirika. Tulipofika uzi wa nne akasema, "Bibi, huu umekosea, uko chini."

"Haujakosea. Umenuna. Uache umenuna."

"Simu inasema—"

"Simu haijawahi kuolewa na Hosea. Izime."

Akazima. Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita kwa mara moja, na ile sauti ikajaa jikoni, nzito, ya chini, mpaka vijiko vikatetemeka msumarini. Jalisa akaweka shavu lake juu ya ubao wa gitaa. Nami, sisemi uongo, nililia mbele ya samaki.

Baadaye alikumbuka. "Babu atakasirika."

"Babu yako hajatoa kitu," nikasema. "Nimetoa mimi. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa ni mimi, na nimeshazoea."

Saa kumi na moja kasorobo Dubose alimfuata Shemasi, akamwambia tumbo linamuuma na hawezi kufunga. Tumbo la Dubose lilikuwa zima kabisa, limebeba kambare wanne. Mimi ndiye niliyekuwa nimemnong'oneza, na siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwake aliweka siri, akaiweka kwa dakika ishirini nzima. Shemasi akapekua karatasi zake, akakuna kichwa, akasema, "Basi… Jalisa?"

Jalisa akapanda na gauni lile lile la njano. Kabla hajapanda alikuwa amezilegeza nyuzi zote, amezirudisha ovyo. Nilimuuliza kwa nini anaharibu kazi. Akasema lazima aipange pale juu, kama inavyotakiwa, vinginevyo si yake. Basi akasimama mbele ya watu wote, akazima spika, akawageuzia mgongo.

Hata watoto waliokuwa wanagombania tikiti maji waliliweka chini. Jalisa alikuwa ananitazama mimi dirishani, na mimi nikamtia kambare kwenye mafuta, maana ndiyo desturi.

Uzi wa kwanza. Ukashuka, ukakaa. Hosea alikuwa ameketi karibu kuliko wote. Wa pili. Nikaona kupitia dirishani kofia yake inainuka. Wa tatu. Akasimama bila fimbo. Wa nne ukashuka, ukanuna, na Hosea akawa anatembea, anapita pembeni ya baraza, mkono mmoja ukutani. Wa tano na wa sita alizisikiliza akiwa amesimama nje ya dirisha langu la moshi, uso wake umejaa pale, macho yanamtoka.

"Umempa," akaniambia.

"Nimempa."

"Nani alikupa wewe?"

"Wewe. Mwaka wa sabini na tisa. Na wa themanini, na wa themanini na moja. Niendelee?"

Jalisa akawageukia watu, akaanza. Ilikuwa yenyewe. Watu walipiga ukelele mmoja, na Dubose alikuwa mbele kabisa anacheza na lile bega lake bovu. Vumbi likaanza kupanda. Hosea hakugeuka kutazama. Alikuwa ameweka kiganja kifuani, anajisikiliza, kama mtu anayengoja kuona atakufa au hapana.

"Hosea," nikasema, "kama kuutoa kunaua, wewe ni marehemu wa miaka arobaini. Tulisahau tu kukuzika."

Akawaza. Nililiona wazo linamwingia polepole, linapita masikioni, linashuka mpaka mabegani, na mabega yakashuka. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, na ule wa kushoto nao ulishika.

"Nilidhani unatazama samaki," akasema.

"Samaki hatazamwi miaka arobaini." Halafu nikamuuliza, maana lilikuwa limenikaa kooni tangu saa sita. "Lakini niambie. Kona ziko mbili. Ile nyingine ni ukuta mtupu, hakuna macho, hakuna masikio, na kuna kivuli. Kwa nini ulikuwa unageukia huku? Huku jua linakuchoma, na moshi wangu wote unakuja usoni mwako."

Hosea alipangusa macho. Alitazama chini, halafu akanitazama mimi, mwanamume wa miaka sabini na sita, mume wangu wa zamani, aliyenichosha kuliko mtu yeyote duniani.

"Miaka yote hiyo nimelia machozi ya moshi, Vernice," akasema. "Kivuli nilikiona. Sikukitaka. Ukuta ungenipa nini?"

Nikapangusa kijiko kwenye aproni, nikakipangusa tena. Mjukuu wetu alikuwa anaimba, na watu mia tatu walikuwa wanacheza, nami nilikuwa nahisi uso wangu unawaka na si kwa sababu ya jiko. Ndipo niliposikia harufu.

Uzi wa nne ulishapita zamani. Kambare wote wa karai lile walikuwa wameungua upande mmoja, weusi tii. Niliwaopoa, nikawapanga kwenye sahani na mkate na kabichi, nikampitishia Hosea dirishani.

Alikula wote, amesimama pale pale kwenye moshi.